Bahari haiumwi na plastiki peke yake

Ifikapo Juni 8, Siku ya Bahari Duniani, picha huwa ni zile zile: watu waliovalia fulana za rangi moja, glavu mikononi, wameinama ufukweni wakiokota chupa, vifuniko na vipande vya kamba. Ni kazi njema, na sina neno baya kwa anayeifanya. Kasa humeza mfuko wa plastiki akidhani ni yavuyavu, na kila mfuko ulioondolewa ufukweni ni mmoja ambao hautamfika. Ninachokitilia shaka ni kinachofuata magunia yakishapimwa na picha kusambazwa: kule kuridhika kwamba wajibu wetu kwa bahari umetimia mpaka mwakani.

Ugonjwa mkubwa wa bahari hauokoteki. Hauonekani ukisimama ufukweni, hauna harufu, na hakuna gunia la kuutia. Ni joto na hewa ya ukaa. Mtu anayetaka hatua zake ziisaidie bahari inambidi azipime kwa hivyo viwili, hata kama hatua zenyewe hazina cha kupigiwa picha.

Tuanze na joto. Tunapochoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, hewa ya ukaa huongezeka angani na kuzuia sehemu ya joto la dunia lisitoke. Wengi hudhani joto hilo hubaki hewani, kwa kuwa ndiko tunakolihisi. Ukweli ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililonaswa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 limeingia baharini. Maji hubeba joto kwa kiasi ambacho hewa haikifikii hata kidogo: tabaka la juu la bahari, la mita 3 hivi tu, linaweza kubeba joto sawa na angahewa yote iliyo juu yake. Kwa hiyo tunapolalamikia miaka ya joto kali, tunalalamikia kile kidogo ambacho bahari haikukichukua.

Na bahari haichukui bure. Maji yakipata joto hutanuka, na kutanuka huko, pamoja na barafu inayoyeyuka nchi kavu, ndiko kunakoinua usawa wa bahari. Kati ya 1901 na 2018 ulipanda kwa wastani wa sentimita 20. Kati ya 2006 na 2018 kasi ilifikia milimita 3.7 kwa mwaka, karibu mara tatu ya kasi ya miongo saba ya mwanzo wa karne iliyopita. Maji yenye joto pia hayashiki hewa vizuri, kama soda iliyoachwa juani inavyoishiwa gesi mapema kuliko iliyotoka kwenye friji. Tangu mwaka 1960 bahari imepoteza kiasi cha asilimia 2 ya oksijeni yake. Asilimia 2 yasikika kama si kitu, lakini huo ni wastani wa bahari nzima. Kuna maeneo ambako samaki hawawezi tena kuishi kwenye kina walichozoea. Tena maji ya juu yakishapata joto huwa mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi na kukataa kuchanganyika nayo. Oksijeni haishuki, virutubisho havipandi, na viumbe vidogo kabisa vinavyoelea, ambavyo ndivyo chakula cha kwanza cha karibu kila kinachoishi baharini, hubaki na njaa.

Mahali ambapo haya huonekana kwa macho ni kwenye matumbawe. Tumbawe ni mnyama, au tuseme mji wa wanyama: maelfu ya viumbe vidogo laini, kila kimoja kikiwa na mdomo uliozungukwa na minyiri, vimekaa juu ya mifupa ya chokaa vinayoijenga vyenyewe. Ndani ya nyama yao huishi mwani wa seli moja. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humpa mwenyeji wake. Rangi tunazozisifia kwenye matumbawe hutokana kwa sehemu kubwa na mwani huo. Sasa maji yakipanda nyuzi 1 tu juu ya kiwango cha juu cha msimu wa joto, na yakakaa hivyo kwa wiki kadhaa, shughuli ya mwani huvurugika na kuanza kutoa kemikali zinazomdhuru tumbawe. Tumbawe huutimua mwani huo. Nyama inayobaki ni angavu kama kioo, na mifupa myeupe huonekana kupitia kwake. Mnyama yule bado yu hai, ila ana njaa. Maji yakipoa upesi, mwani hurudi na tumbawe huponea chupuchupu. Yasipopoa hufa, na baada ya muda mifupa hufunikwa na mwani wa kawaida wa kahawia.

Kuchujuka kwa matumbawe kwa kiwango cha dunia nzima kulirekodiwa mara ya kwanza mwaka 1998. Kukaja tena 2010, kisha kati ya 2014 na 2017, na mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imeingia katika awamu ya nne. Tazama nafasi zilivyo kati ya awamu hizo. Hata matumbawe yanayokua haraka huhitaji kama miaka 10 kujijenga upya, na muda huo hayaupati tena. Mwaka 2018 jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilieleza kwamba dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi 1.5 kuliko ilivyokuwa kabla ya enzi ya viwanda tutapoteza asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe, na kwa nyuzi 2 tutapoteza zaidi ya asilimia 99. Mimi nikiisoma ripoti ile nakwama hapo kila mara. Nusu nyuzi, tofauti ambayo mtu hawezi kuihisi kwenye ngozi yake, ndiyo inayoamua kama kitabaki kitu au hakitabaki.

Hewa ya ukaa nayo ina kazi yake ya pili. Takriban robo ya ile tunayoitoa kila mwaka huyeyukia baharini, ambako hugeuka tindikali hafifu. Tindikali hiyo hula madini yaleyale ambayo chaza, konokono wa baharini na matumbawe huyahitaji kujengea magamba na mifupa. Kipimo cha pH cha maji ya juu, ambacho hushuka tindikali inapoongezeka, kimeshuka kutoka karibu 8.2 kabla ya enzi ya viwanda hadi karibu 8.1. Kwa jinsi kipimo hicho kinavyohesabiwa, ni ongezeko la tindikali la karibu asilimia 30.

Yote haya yalipata sura ya kisheria Mei 21, 2024, pale Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, yenye makao yake Hamburg, ilipotoa maoni kwamba gesi joto, yaani hewa ya ukaa na nyingine zinazonasa joto, zinazotokana na shughuli za binadamu ni uchafuzi wa mazingira ya bahari kwa mujibu wa Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982. Maoni hayo yaliombwa na visiwa vidogo ambavyo bahari inavimeza. Maana yake ni nzito kuliko ilivyotangazwa. Moshi wa mtambo wa umeme ulio kilomita elfu moja kutoka pwani umewekwa fungu moja na mafuta yanayomwagika kutoka kwenye meli. Anayeishi bara, ambaye pengine hajawahi kuiona bahari, naye amo.

Basi mtu mmoja afanye nini? Hapa ndipo mjadala huwa unaharibika, kwa kuwa umetekwa na kambi mbili, na zote mbili zinatupotosha.

Kambi ya kwanza inasema kila kitu kiko mikononi mwako: zima taa, beba kikapu chako, jihesabie kaboni yako, yaani hewa ya ukaa inayotokana na maisha yako. Si vibaya kukumbuka nani aliyelivumisha sana wazo la kila mtu kujihesabia kaboni. Ni kampuni ya mafuta ya BP, ambayo mwaka 2004 iliweka mtandaoni kikokotoo cha kazi hiyo. Anayeuza mafuta ana kila sababu ya kutaka mnunuzi ndiye ajione mkosaji.

Kambi ya pili inajibu: kumbe ni makampuni na serikali, basi mimi niacheni. Hoja hii huvutia kwa kuwa haimdai msemaji chochote. Lakini mafuta huchimbwa kwa sababu kuna anayeyachoma, na serikali hazibadiliki zenyewe usiku watu wakiwa wamelala.

Mwaka 2020 ulitupa jaribio ambalo hakuna mwanasayansi angethubutu kuliomba. Janga la Uviko lilifunga dunia. Ndege zililala viwanjani, barabara zilikuwa tupu, mabilioni ya watu walikaa majumbani. Mapema Aprili, siku ambazo vizuizi vilikuwa vikali kuliko zote, utoaji wa hewa ya ukaa kwa siku ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 17 ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Mwaka mzima ulipohesabiwa, upungufu ulikuwa asilimia 5 hivi. Sitaki takwimu hiyo ipite haraka. Watu waliacha karibu kila walichoambiwa waache, tena kwa maumivu, na bado sehemu kubwa kabisa ya moshi iliendelea kutoka. Ilitoka kwenye mitambo ya umeme inayotumia makaa ya mawe, kwenye matanuri ya saruji na chuma, kwenye meli za mizigo, kwenye umeme uliowasha zile nyumba tulimojifungia. Aliyekaa nyumbani hakuwa na uwezo wa kuchagua umeme wake umetoka wapi.

Wala bahari haikupata nafuu mwaka ule. Inachokisikia bahari ni hewa ya ukaa iliyorundikana angani, na rundo liliendelea kukua. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza vipimo vyake kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, katika kila chembe milioni moja za hewa kulikuwa na kama 315 za hewa ya ukaa. Siku hizi zimepita 420. Kupunguza kasi ya kuongeza si kupunguza rundo.

Je, jaribio lile linasema hatua binafsi ni bure? Hapana, na ripoti ya IPCC ya 2022 inaeleza vizuri kwa nini. Ilikadiria kwamba mabadiliko upande wa watumiaji, yaani namna tunavyosafiri, tunavyokula, tunavyojenga na tunavyotumia nishati majumbani, yanaweza kupunguza gesi joto katika sekta hizo kwa asilimia 40 hadi 70 ifikapo 2050. Ni kiasi kikubwa mno. Sharti lake ni kwamba kuwe na sera, miundombinu na teknolojia zinazomwezesha mtu kuchagua. Hakuna anayeweza kupanda treni isiyokuwapo. Kwa hiyo kazi ya mtu mmoja ina sehemu mbili zisizotengana: kubadili anachoweza leo, na kudai kile ambacho bila hicho wengine hawawezi kubadilika.

Katika sehemu ya kwanza ningependa tuwe wakali na uzito wa mambo. Tumezoea kuhimizana kwa methali ya haba na haba hujaza kibaba, nami naiamini methali hiyo, mradi kinachotiwa kibabani kiwe na uzito. Mtu anayekataa mrija wa plastiki kisha akapanda ndege mara kadhaa kwa mwaka kwa matembezi ameifanyia bahari hasara. Safari za ndege ni jambo la watu wachache: mwaka 2018 ni kama mtu 1 kati ya 10 duniani aliyepanda ndege. Chakula kinachotupwa ni jambo la wengi zaidi. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho ilitupwa majumbani, si mahotelini wala madukani. Kila kilichotupwa kilikuwa kimelimwa, kimetiwa mbolea, kimesafirishwa na kupozwa kwa nishati ya mtu, kisha huoza na kutoa methani, ambayo nayo ni gesi joto. Ukiongeza nyama ya ng'ombe, gari la mafuta, na jinsi nyumba inavyopashwa joto au kupozwa, umekwisha kugusa karibu kila kilicho na uzito katika maisha ya anayeishi kwa nafasi.

Nimesema anayeishi kwa nafasi kwa makusudi. Asilimia 10 ya kaya zenye utoaji mkubwa kuliko zote zinabeba kati ya asilimia 34 na 45 ya gesi joto zote za kaya duniani. Nusu ya chini, yaani mabilioni ya watu, inabeba asilimia 13 hadi 15 tu. Naona ni dhuluma kumwendea mtu wa nusu ile ya chini na mahubiri ya kujinyima. Yeye hana cha kupunguza. Anachostahili ni umeme safi na chombo cha usafiri, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kufikwa na maji.

Hata plastiki yenyewe tungeielewa vizuri zaidi kwa kipimo cha uzito. Utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu lile rundo kubwa la taka katika Pasifiki ya Kaskazini ulikuta asilimia 46 ya uzito wake ni nyavu za uvuvi. Miongoni mwa chembe ndogo za plastiki zinazoingia baharini zikiwa tayari ni chembe, chanzo kikubwa kabisa, kwa makadirio ya mwaka 2017, ni ufuaji wa nguo za nyuzi za viwandani, kama asilimia 35, kisha matairi yanayosagika barabarani. Nguo ya poliesta ikizungushwa mashineni huachia nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazofuata maji machafu na kupenya vichujio vingi. Kununua nguo chache zinazodumu, na kuzifua pale tu zinapokuwa chafu kweli, kunaisaidia bahari kuliko mirija yote utakayoikataa. Na plastiki karibu yote hutengenezwa kwa mafuta na gesi, kwa hiyo ni tawi la shina lilelile.

Sehemu ya pili, ya kudai, ndiyo tunayoikwepa, kwa kuwa haifanyiki mtu akiwa peke yake. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, wakisoma Vanuatu, walijiuliza darasani: sheria inaweza kufanya nini kwa visiwa vyao? Wakaamua kuzishawishi serikali za Pasifiki zipeleke suala la tabianchi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Waliandika barua, wakabisha hodi kwa mawaziri. Serikali ya Vanuatu ilikubali kulibeba. Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha ombi hilo bila kupingwa, na Julai 23, 2025 mahakama ilitoa maoni yake kule The Hague: nchi zina wajibu wa kisheria kulinda mfumo wa tabianchi dhidi ya gesi joto, na inayokiuka inaweza kudaiwa kuacha, na hata kufidia. Maoni hayo hayamfungi mtu kama hukumu, lakini mawakili wana cha kushika mkononi katika kesi za ndani ya nchi. Hao walikuwa watu 27, na walianzia darasani.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa wavuvi. Cabo Pulmo ni kijiji kidogo cha Mexico kwenye Ghuba ya California. Samaki walipopungua, wakazi wenyewe walisukuma mpaka mwaka 1995 eneo lao likatangazwa hifadhi, wakaacha kuvua ndani yake. Watafiti walipolinganisha mwaka 1999 na 2009 walikuta uzito wa samaki katika hifadhi umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 460. Hifadhi haizuii joto kuingia majini, hilo tusilifiche. Lakini pale penye pono na samaki wengine wanaokula mwani, matumbawe machanga hupata mahali pa kushikia baada ya yale makubwa kufa. Hupewa nafasi, na kwa sasa nafasi ndiyo tunayoweza kuyapa wakati kazi ya kuzima moshi ikiendelea.

Kuna milango iliyofunguliwa hivi karibuni ambayo mtu wa kawaida anaweza kuigonga. Mkataba wa kulinda viumbe wa bahari kuu, yale maji yasiyo ya nchi yoyote ambayo ni karibu theluthi mbili za bahari yote, uliridhiwa na nchi ya 60 Septemba 2025 na kuanza kutumika Januari 17, 2026. Kwa mara ya kwanza kuna utaratibu wa dunia wa kutenga hifadhi humo. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani unaobana ruzuku zinazochochea uvuvi haramu na uvuvi wa akiba za samaki zilizokwisha kuvuliwa kupita kiasi nao ulianza kutumika Septemba 2025. Na chini ya Mkataba wa Paris kila nchi huwasilisha mpango mpya wa tabianchi kila baada ya miaka 5.

Kila kimoja kina swali la kumuuliza mbunge au yeyote anayekuja kuomba kura, na jibu lake halihitaji utaalamu. Je, nchi imeridhia mkataba wa bahari kuu, na itapendekeza eneo gani litengwe? Ruzuku ya mafuta inayopewa meli za uvuvi ni kiasi gani, na nani anaipokea? Mpango wa tabianchi umetaja tarehe ya kufunga mtambo gani wa makaa ya mawe? Mikoko na nyasi bahari, ambazo huzika kaboni kwenye tope kwa karne nyingi zisipoguswa, zimehesabiwa humo, au vibali vya kuzikata vinaendelea kutolewa? Ukiuliza peke yako utapewa tabasamu. Mkiuliza mia, ofisi itatafuta majibu. Na mkiambiwa kwamba nchi moja ni ndogo mno kubadili lolote, wakumbusheni kwamba Vanuatu ina watu kama laki tatu na ushei.